Mkono wa Kulia wa Mjomba

Juzi nilirudi Rågsved, mtaa wetu wa zamani pembeni mwa Stockholm, kumsaidia Mama kufungasha, maana anahamia Tumba, karibu na kanisa lake. Kule chini, kwenye stoo ya jengo, nikakuta suruali nyeupe ya michezo, magotini bado ina madoa ya nyasi. Nikakaa juu ya boksi nikiwa nayo mapajani, na kazi ikasimama.

Ilikuwa ya Mjomba, mdogo wake Mama. Sisi tulitoka Kongo, upande wa Kivu, lakini yeye alikulia Uganda, na huko shuleni ndiko alikojifunza besiboli. Alipotufikia Stockholm nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu sita. Siku za kazi alisafisha ofisi kule Kista. Jumapili alirusha mpira katika klabu ndogo ya daraja la chini, ambayo watazamaji wake walikuwa wake za wachezaji, mbwa wawili na mimi.

Kazi yake, rafiki yangu, haikuwa kuanza mchezo. Alikuwa mrushaji wa akiba: anakaa benchi muda mrefu, anaitwa pale mwenzake anapochoka na mambo yamekwisha haribika. Akiokoa, sifa ni za timu. Akishindwa, lawama ni zake. Mwenyewe alizoea kusema kwamba yeye huitwa nyumba ikishashika moto.

Nilizipenda siku zile. Harufu ya soseji za kuchoma, nyasi mbichi zilizokatwa, mpira ukitua kwenye glavu ya ngozi kwa mlio wa kofi moja. Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya chumba cha kufulia cha jengo. Mimi nilisugua ile suruali kwa sabuni ya kipande, huku sombe ya Mama, kisamvu chetu cha Kongo, ikinukia ngazi nzima.

Nilipofika miaka kumi na miwili, mkono ukaanza kumsumbua Mjomba. Niligundua mimi, kwa sababu alikuwa akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Akanieleza kwamba kocha wa klabu ya daraja la juu angekuja kumtazama baada ya wiki tatu, na kwamba Mama akijua atamzuia kucheza. Akaniomba ninyamaze. Basi kila alasiri, Mama akiwa bado kazini, nilimchua kiwiko kwa mafuta ya karafuu, yeye ameuma taulo.

Mama hakuwa mtu wa kufichwa. Siku mbili kabla ya mechi aliniita jikoni, akaacha kukatakata vitunguu.

"Mukono ya mujomba wako iko muzuri?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyozoea nilipotaka kukwepa maneno. "Ja, Mamma." Ndiyo, Mama. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumapili ile Mjomba aliitwa timu ikiongoza kwa pointi moja tu. Mrusho wa kwanza na wa pili ilikuwa mizuri, nikamwona yule kocha mgeni akiandika kitu. Wa tatu, mpira ulianguka hatua chache mbele yake, naye akapiga magoti ameshika kiwiko. Aliinua uso akanitafuta mimi.

Madaktari walimpasua, lakini mkono haukunyooka tena. Kazi ya usafi ikamshinda, na majira yote yale ya baridi alikaa dirishani akitazama maegesho ya magari. Sasa ana kazi ya kupokea simu, ana mke na watoto. Mwaka jana nilimwomba msamaha. "Ni mimi niliyekuomba," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto."

Klabu ilivunjika, na pale uwanjani leo pana maghorofa, watu wamening'iniza maua kwenye roshani. Hayo nimeyazoea. Mama naye hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Ila tangu mwaka ule, akitaka kujua jambo la kweli la nyumba yetu, humuuliza mdogo wangu, hata kama mimi ndiye niliyekaa karibu naye.