Ziwa la pili, na mchumba wangu wa bandarini

Hapana wakuu, hakufa. Yuko hai, ana wajukuu kibao. Ila mimi hakunioa, na sababu ni ziwa.

Shule sikusoma, naongea na simu inaandika yenyewe. Ikikosea mcheke, lakini uongo humu hamna.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Deo alikuwa karani bandarini Mtwara, mtu wa Bara, kiatu kinang'aa unahesabu meno yako. Nilimpenda, tena Magomeni yetu ya Mtwara nzima nilishaitangazia.

Sasa kwetu Wamakonde anayeoza ni mjomba. Baba anasubiri pilau tu.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi kule mabondeni mwa Ruvuma. Akasafisha koo: "Nlete. Tunpeleke ziwani. Ntu hunjui mpaka akae kwenye ntumbwi."

Ziwa lenyewe mto uliliacha ulipohama njia. Tukakata kichaka kwa miguu, matope, nyayo za kiboko kama masufuria. Deo kakumbatia viatu kama kichanga. "Very good, Mjomba. Very good." Anaongelea puani, hivyo!

Tukapanda mtumbwi. Pondo, ule mti wa kusukumia, nikashika mimi, mjomba alinifundisha tangu mdogo. Weee! Yungiyungi zimetandikwa mpaka unaona aibu kupita juu yake. Furukombe angani analia, mimi namjibu.

Mara naona upenyo kwenye matete.

"Mjomba, huku kuna nini?"

"Sijui. Sijapita."

Mjomba! Kazeekea humo, hajapita! Mwili ukanisisimka.

Deo akageuka, mpole: "Mpenzi, turudi. Kesho nawaita wazee wangu, tumalize mambo."

Mjomba ananitazama mimi.

Wakuu, ndoa ile hapo, nimeiota mwaka mzima. Na upenyo ule hapo.

Nikachoma pondo, tukaingia.

(Funzo naliweka hapa hapa, maana mwishoni mtakuwa mnacheka. Binti, kabla ya ndoa mpeleke mtu mahali asipoitwa bwana karani. Na wewe jitazame ukiwa huko. Komenti mwageni, na watani zangu Wayao nitukaneni, nimewazoea.)

Basi. Matete yanatukwaruza uso, hatuoni mbele, halafu pwaa! Ziwa la pili! Dogo, limetulia kama uji uliopoa. Ndege weupe wakaruka wote kwa pamoja, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu kama mwali kachezwa unyago.

Kigelegele ndicho kilimwamsha kiboko. Akaibuka ubavuni, kichwa kama ngoma, akakoroma. Mtumbwi ukalala upande.

"Yesu na Maria!" Deo huyo.

"Ntumbwi haupendi kelele, mwanangu," mjomba huyo, kama anaomba chumvi.

Nikasukuma mpaka ukingoni. Kiboko wala hakutufuata, alikuwa anatusalimia tu.

Deo akashuka, matope mpaka kiunoni. Mimi nacheka, machozi yananitoka.

"Deo, umeliona? Twende tena tukaone ng'ambo!"

Deo akamgeukia mjomba, akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mjomba. Mimi nilikuja kuoa, sikuja kuzikwa."