Ungo wa Mama Kwenye Kompyuta

Dada yetu alipoolewa Inyonga, mama alikuwa mgonjwa, hakuweza kupanda basi. Alimpa shangazi ungo aliousuka mwenyewe, autoe zawadi kwa niaba yake. Shangazi aliporudi akasema, "Niliutoa, wifi, mbele ya watu wote."

"Na binti yangu alifanyaje?"

"Watu walikuwa wengi, na vumbi lile! Sikuona vizuri."

Tangu siku hiyo mama alikuwa anasubiri mkanda wa harusi.

Kaka ndiye aliyepiga video. Alikuwa amenunua Tabora kompyuta iliyokwisha tumika, akaileta Mpanda kwa treni, imeviringishwa ndani ya godoro. Alikuja pia na diski tatu, kila moja na programu yake ya kukata na kuunganisha picha. Aliingiza harusi yote kwenye mashine, kisha akaitwa kupiga harusi nyingine Mwese.

"Dogo," aliniambia, "zijaribu zote, tumia iliyo rahisi. Weka na nyotanyota kama mikanda ya Dar. Na usimwonyeshe mtu kitu ambacho hakijaisha, watatucheka."

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea. Diski ya kwanza ilijaza kioo chote vitufe vidogo kama punje za ulezi, nikaogopa hata kugusa kipanya. Ya pili ilikataa kufunguka kabisa. Ya tatu ilikuwa na vitufe vikubwa vichache, na kimoja kilichorwa mkasi. Mkasi naujua. Nikaichagua hiyo, na siku ile nilikata keki ya dada vizuri sana, nikaweka nyota.

Tabu ilianza kwenye zawadi. Kaka alipiga msafara mzima wa watoa zawadi bila kuzima kamera, kwa hiyo kilikuwa kipande kimoja kirefu. Programu yangu rahisi haikutaka kipande kirefu. Ilitoa kisanduku chenye maneno ya Kiingereza, na chini yake kitufe kimoja tu, cha kukubali. Nilifungua kamusi, nikasoma neno kwa neno: kipande ni kirefu mno, kikate kwanza. Lakini nitakikataje wakati mkasi umo ndani ya programu, na programu haikipokei? Nilibonyeza kukubali. Kisanduku kikarudi.

Mama alikuwa akipeta mchele uani, chini ya dirisha langu.

"Umeshafika kwenye ungo?"

"Bado, Mama."

Nikarudi kwenye ile ya vitufe vya ulezi. Nilitafuta mkasi mpaka macho yakauma. Nilipoupata, umeme ukakatika, na uliporudi kazi yote haikuwepo, hata keki, kwani sikuwa nimehifadhi chochote. Kesho yake mama akauliza tena, nikamjibu kwa ukali. Nilisikia ungo ukiendelea, chwa, chwa.

Mwisho nikafungua programu iliyokuja na kompyuta yenyewe, ya kutazamia tu, nitafute penye ungo nijue wapi pa kukata. Mama akaingia na kikombe cha uji. Nikasimama mbele ya kioo.

"Haijaisha, Mama."

"Harusi iliisha siku nyingi, mwanangu. Sogea."

Nikasogea. Picha ilikuwa ndogo kama kiberiti, inashtukashtuka. Shangazi akaja anacheza, ungo kichwani. Zawadi nyingine dada alizipokea akawapa wasimamizi. Ungo aliugeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo, pale mama anapomalizia kwa ukindu mweusi. Kisha akauweka mapajani, akabaki nao.

"Rudisha," mama alisema.

Nikarudisha. Uji ukapoa.

"Rudisha tena."

Kaka alirudi kutoka Mwese na matope hadi magotini. Alikuta mkanda haupo, na diski tatu ziko juu ya meza. Wakwe walikuwa wameshatuma mtu kuulizia.

"Muda wote huu, dogo? Hata keki? Umechagua ipi, basi?"

Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya kile kisanduku na kitufe chake kimoja. Nikatazama kipanya.

"Mwache," mama alisema kutoka uani. "Nyie na nyota zenu. Mimi nimeshaona."