Kijibandiko Chekundu cha Mama Rula

Mama Rula hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina hilo walimpa wenzake, maana hata kadi ya harusi huipima pambizo kwanza, ndipo asome nani anaoa. Kazi yake ni kuchora majalada ya vitabu, na kwa kujitolea tu alikuwa mjumbe wa kamati ya chama cha wabunifu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi.

Mwaka huu roho yake haikutulia. Mshindi wa shindano la mabango angepewa meza ya kufanyia kazi kwenye studio ya chama mwaka mzima, na vijana wengi walikuwa wanaikodolea macho. Juzi alimwona mpwa wa mwenyekiti akishuka ngazi za chama huku anapiga mluzi. Mtu hupiga mluzi bure? Yeye binti yake mwenyewe alimkataza kushiriki, watu wasije wakasema kabebwa na mama. Binti alinuna, akachukua sahani yake akaenda kulia chakula chumbani. Halafu mwenyekiti ndiye ambebe mpwa wake kweupe? Thubutu!

Mabango yalibandikwa ukutani bila majina. Chama kina utaratibu wake wa siku nyingi: kila mjumbe ana kijibandiko kimoja chekundu, na kazi atakayoibandika imetolewa shindanoni, hakuna kuulizana sababu. Mama Rula hakuwahi kukitumia chake.

Mwenyekiti aliyapita mabango haraka haraka, kisha akaganda mbele ya moja.

"Hili mnalionaje?" aliuliza, eti hana habari.

"Mimi nimelikubali," alijibu mpiga chapa, mjumbe wa tatu.

Mama Rula akasogea. Tone moja la bluu chini kabisa, weupe mtupu juu, na herufi zimesogeleana kama watu waliojibanza chini ya mwavuli mmoja. Lilikuwa zuri, zuri la kuudhi. Na mkono ule aliujua! Aliwahi kuuona, tena si mara moja. Angeuona wapi kama si kwenye meza ya mwenyekiti, yenye makaratasi yaliyozagaa kila kikao?

"Unasemaje, dada?" mwenyekiti akamuuliza, anatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomaliza maneno. Mama Rula akakibandika kijibandiko chake katikati ya tone la bluu.

"Haya," mwenyekiti akashusha pumzi. "Ila umetuvunja moyo. Mimi nilishaliona ndilo mshindi."

"Najua. Sasa mpwa wako utamwambia nini?"

"Mpwa wangu? Yule alikuja kutengeneza feni. Kuchora hata duara hawezi!"

Mpiga chapa alikuwa ameshalibandua bango ukutani aone jina nyuma. Alisoma, akakohoa, akamgeuzia Mama Rula. Lilikuwa jina la binti yake, kwa mwandiko aliomfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo. Mama Rula akavuta kiti, akaketi.

"Tukibandue," mwenyekiti alisema taratibu. "Tuko sisi watatu tu humu."

Alitaka. Mungu anajua alivyotaka. Lakini kukibandua sasa, baada ya kuona jina, kungekuwa ndiko kubebana kwenyewe.

"Kiacheni," alisema.

Nyumbani binti alikuwa jikoni anaosha vyombo, anajifanya hana haraka ya kujua.

"Vipi leo, mama? Mmepata mshindi?"

"Bango lako limetoka, mwanangu. Nimelitoa mimi."

Binti akafunga bomba. "Ulijua ni langu?"

"Sikujua."

"Sasa lilikuwa na kosa gani?"

Mama Rula alitafuta kosa la kumtajia, hata dogo tu la pambizo, akalikosa.

"Lilikuwa zuri mno," alisema. "Nikaona haiwezekani likawa la mtu ambaye hakubebwa."