Ng'ombe Wangu Hakuwa Tasa

Mchinjaji alikuwa ameshamfunga ng'ombe wangu kamba kwenye pembe, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwita. Alimzunguka, akampapasa mbavu, akacheka. "Mzee, mbona unanipa mifupa na ngozi? Nyama iko wapi?" Nikamwambia aache maneno, amchukue aende. Ng'ombe alikuwa tasa, kila mtu alishasema hivyo, nami nilishachoka kubisha. Mke wangu aligeuka akaingia ndani.

Huyo hakuwa ng'ombe wa kuchezea. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikaenda Geita kuchimba. Duara, lile shimo la dhahabu, likatitia. Wenzangu walibaki chini, mimi nikafukuliwa hai, mguu umevunjika vibaya. Hospitalini Kolandoto waliuunga, Mungu awabariki, lakini haukurudi kuwa mguu wa kubebea mawe. Mwenye duara hakuja hata kutoa pole. Waliokuja ni kaka za mke wangu, wakatuletea mtamba wa maziwa, chotara, wakasema, "Shemeji, kaa na huyu, atakulea." Na kweli alitulea. Akizaa, tunakula. Asipozaa maziwa yanakatika, na sisi tunabaki kutazamana.

Alipozaa mara ya kwanza nilianza kununua pumba za mahindi kwa muuzaji mmoja mwenye duka pale Kambarage. Ana mdomo mtamu yule bwana. "Mzee wangu, akila hizi atakuletea mapacha!" Ng'ombe akala, na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda, mpaka uti wa mgongo ukachongoka. Alionyesha joto mara moja, tena kwa unyonge, akapandishwa, mimba haikushika. Baada ya hapo kimya. Halii, hahangaiki, hatoi ute.

Yule dada wa mifugo anayepandisha kwa mrija alipokuja tena, alimtazama tu, akakataa kufungua mtungi wake wa mbegu.

"Baba, huyu ana njaa. Mwili wenye njaa unajiokoa wenyewe kwanza, mambo ya mimba unayaweka kando. Mlisheni, anenepe kidogo, ndipo mniite."

"Njaa gani, mwanangu? Debe zima la pumba kila siku!"

"Basi mimi sijui anakula nini."

Nilimwona ananidharau. Nikaenda kumwita mchinjaji.

Sasa, mchinjaji akiwa pale na kamba yake, mke wangu alitoka na beseni la maji. "Njia ya machinjioni ni ndefu," akasema. "Hataondoka kwangu na njaa." Siku zote tulimpa pumba kavu, tumechanganya na mabua. Siku ile alizimimina kwenye maji ampe kama uji. Makapi ya mpunga yaliyosagwa yakaelea juu, akaengua, yakaelea mengine, akaengua tena. Chini kabisa kulikuwa na mchanga. Pumba zenyewe hazikujaa hata viganja viwili.

Mchinjaji akachungulia. "Mayo, mama, hata punda wangu angenipiga teke nikimpa hii."

"Fungua kamba yako, baba," mke wangu akamwambia. "Huyu si tasa. Ameshindishwa njaa."

Akafungua, bila ubishi, namshukuru. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linaniwasha. Jirani yetu mmoja, mama mjane, naye alikuwa ananunua pumba kwenye duka lile lile, naye aliambiwa ng'ombe wake ni tasa, akamuuza. "Nilipompasua," mchinjaji akasema, "kizazi kilikuwa safi kabisa. Nilishangaa, lakini ng'ombe ameshakufa, ningesema nini?"

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Huku kwetu ukoo hufunga ngitili, malisho ambayo masika nzima hayaguswi, yanangoja siku za shida. Ngitili ya wakwe zangu ilikuwa haijafika wakati wa kufunguliwa. Shemeji yangu mkubwa aliifungua kwa ajili yetu. "Ng'ombe mmoja tu," akawaambia wanawe, "na atakayeingiza mwingine atanijua." Tukawa tunakata majani huko, tunaongeza marando ya viazi, majani ya mti wa lusina na mashudu ya pamba. Pumba mke wangu alizifuata mwenyewe mashineni, akisimama pale pale mahindi yakikobolewa. Jiwe la chumvi likaning'inia bandani, na maji hayakukauka. Taratibu ule mgongo ukafunikwa na nyama.

Asubuhi moja ng'ombe alilia mpaka majirani wakatoka nje. Dada wa mifugo akaja na pikipiki yake, akamzunguka, akatabasamu. "Eeh, sasa huyu naona ni ng'ombe." Mimba ikashika. Akazaa jike. Mke wangu alilia bandani, mimi nikampangusa ndama kwa shati langu.

Wote hao nawashukuru, na mke wangu kuliko wote, maana bila beseni lake ningekuwa nimekula utumbo wa riziki yangu mwenyewe.

Lakini mama mjane bado anakuja kwangu na kikombe kuomba maziwa, yeye aliyekuwa na ng'ombe wake. Na duka la Kambarage bado liko wazi. Wewe muuza pumba, unajijua. Kwangu usije. Nenda ukasimame mbele ya mama huyu, kwenye banda lake lililo tupu, umweleze kwa mdomo wako kwa nini ng'ombe wake mzima alichinjwa.