Maji ya Katikati

Miaka ile magugu maji yalipovamia ufuko wetu wa Busisi, maji ya juu yaligeuka kama mlenda. Mimi nikajiona mjanja. Nikachukua kidumu kidogo, nikakiziba kwa gunzi la mahindi, nikafunga jiwe zito chini yake, kamba moja shingoni na ya pili kwenye gunzi. Nakaa mtumbwini, nakishusha mpaka kinagonga chini, navuta gunzi, kinajaa. Maji ya chini ni baridi, na mimi nimekua nikiambiwa maji baridi ndiyo safi.

Mjukuu wangu akaanza kuharisha. Mkwe wangu, mama yake, akafunga nguo za mtoto kwenye kanga.

"Mama, keshokutwa nampeleka kwetu Mkuyuni, kuna bomba. Maji yako yana tope."

"Tope liko machoni kwako."

Lakini roho iliniuma. Mtoto yule nilimlea mimi.

Kesho yake akaja binti mmoja mpima maji ya ziwa. Akaniamkia, akakiona kidumu changu, akacheka. Chombo chake nacho kilishuka kimefungwa, kikafunguliwa hukohuko chini.

"Bibi, unachota wapi?"

"Chini kabisa."

"Basi unakunywa takataka zote za ziwa."

Nikamwambia anionyeshe, maneno matupu sitaki. Tukachota juu, katikati na chini, tukapanga bilauri tatu juani. Ya juu ilijaa chembe za kijani. Ya chini ilikuwa kama chai ya maziwa. Ya katikati, niliweka kidole nyuma yake nikakiona.

"Vyepesi vinaelea, vizito vinalala chini," akasema. "Jiwe lako linaviamsha."

"Vinatoka wapi?"

"Udongo wa mashamba, majani yaliyooza, vidudu vilivyokufa."

"Vinashuka kwa muda gani?"

"Vingine siku nyingi, bibi."

Nimeoga ziwa lile tangu utoto, sikujua kwamba humo ndani mnanyesha mchana kutwa.

"Kwa hiyo haya ya katikati nayanywa?"

"Unayachemsha. Vipo usivyoviona."

Nilirudi nyumbani nikapiga fundo katikati ya kamba, nisipitishe hapo. Nikabandika sufuria kubwa. Mkwe wangu akaliangalia fundo, akaangalia sufuria.

"Mama, kamba imekuwa fupi?"

"Mkono umechoka kuvuta."

Akaifungua kanga, akatoa nguo za mtoto moja moja, akazirudisha sandukuni.