Pole za Njia ya Vidunda

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi nikiwa nachochea moto wa supu kibandani kwangu Mikumi, pale malori yanapoegeshwa. Alisema mama anaumwa sana, nije. Nikamuuliza kama anakula, akasema nije tu. Nikamuuliza kama anaongea, akasema mtandao unakatakata, na kweli simu ikakatika. Niliulaani mtandao, nikamwachia jirani sufuria.

Mama alikuwa na homa. Mara ya mwisho tulipoongea aliniambia mdomo umekuwa mchungu, hatamani kitu chochote isipokuwa tikiti maji. Kwetu Vidunda tunalima mahindi, maharage na ndizi, lakini tikiti ni kitu cha watu wa bondeni. Nikanunua moja kubwa, ambalo muuzaji aliapa limetoka Rudewa, nikapanda gari la kwenda Kidodi. Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nimkute mama bado ana nguvu ya kula kipande.

Barabara ya kupanda Vidunda inazunguka sana, nami sikuwa na subira ya kuzunguka. Nikashika njia ya mkato, ile inayopita Ngazi. Jina lisikudanganye, hakuna ngazi pale. Ni genge la mawe yaliyobebana, limesimama wima, na aliyeliita hivyo nadhani alikuwa anatukejeli. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimechomwa, vijito vimekauka, mlima wote umebaki mawe na majivu kama jangwa, na hapakuwa na kivuli cha kumtosha hata kuku.

Chini ya Ngazi nilikutana na mzee mmoja wa kanisani kwetu anashuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, binti yangu," akasema. Nikamjibu nimeshapoa, nikavua kandambili, nikalifunga tikiti mgongoni kwa kanga kama mtoto, nikaanza kupanda.

Mama ndiye aliyenifundisha Ngazi nikiwa mdogo. Shika jiwe, alikuwa akisema, usishike nyasi, nyasi hazina mkataba na wewe. Usiangalie juu, tafuta pa kuweka mguu. Wakati wa kushuka yeye alitangulia, na mimi nikafuata kinyumenyume, uso ukiwa kwenye mwamba, sioni chini. Alikuwa ananishika kisigino na kukiweka mahali pake, mguu mmoja, kisha mwingine, mpaka tunafika.

Siku hiyo nilipanda kwa miguu minne kama mbuzi. Mwamba ulikuwa wa moto kama kikaango. Tikiti lilikuwa linanivuta nyuma, na kila nilipolala kwenye jiwe kupumzika nilisikia uzito wake ukihama, nikawa nalibembeleza kwa sauti, tulia, tulia, tunakaribia kwa bibi. Katikati, jiwe nililolikanyaga likachomoka, goti likachunika, nikabaki nimening'inia kwa vidole huku nikisikia lile jiwe linabingirika kwenda chini. Niliogopa kweli. Lakini zaidi niliogopa kulipasua tikiti.

Nilipofika kwenye ubapa wa kupumzikia nikamkuta mama mmoja mtu mzima ameketi kando ya mzigo wake wa kuni. Alikuwa anakwenda juu kama mimi. Alinitazama goti, akatazama tikiti, akasema pole. Mimi nikiwa na pumzi zangu za kuhesabu, nikamtania. Nilimwambia, "Mimi nimeshapoa, mama, ila huu mlima wenu ndio haujapoa." Nikacheka peke yangu. Yeye aliinamisha kichwa, akaanza kuifunga upya kamba ya kuni ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tu. Nikasema moyoni, huyu naye hajui utani.

Juu ya Ngazi njia inakuwa tambarare kidogo. Nikakutana na wengine, na wote walinipa pole, na wote niliwajibu nimeshapoa, nikichapua miguu. Mbele yangu wanawake walikuwa wanapanda kuelekea kwetu, nao wamejitwika kuni. Nikafikiri kuna mtu anamwoza binti yake.

Mama mdogo, yule anayemfuata mama kuzaliwa, alikuwa amesimama njia panda ya kuingilia nyumbani. Nikapiga goti lile lile lililochunika, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kwetu shikamoo haiachwi hewani, hata mkiwa mmegombana. Alisema, "Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama mdogo. Hiyo Ngazi yenu itaniua, lakini tikiti limefika zima."

Akaanza kunifungua kanga mgongoni, polepole, kama anapokea mtoto aliyelala.

"Si pole ya mlima," akasema.

Ndipo nikaikumbuka ile njia yote kwa mara moja. Hakuna hata mmoja aliyesema pole na safari. Hakuna aliyesema pole na mlima. Walisema pole tupu, na mimi nilikuwa nawajibu huku nacheka. Mama alikuwa amefariki usiku, na kaka yangu alifanya kama watu wetu wanavyofanya, hakutaka nipokee habari ile peke yangu nikiwa njiani. Simlaumu. Lakini nililia kwa hasira kwanza, kabla ya kulia kwa huzuni.

Tulimzika kesho yake. Tikiti lilipasuliwa baadaye, watoto wakaligombania, nami nikapewa kipande. Lilikuwa tamu sana. Nilichukia utamu ule, na kipande changu nilikimaliza mpaka kwenye ganda.

Nilipoondoka nilirudi kwa njia ile ile. Kaka yangu alitaka niite bodaboda, nikakataa, sijui nilikuwa nambishia nani. Nilipogeuka uso kwenye mwamba na kuteremsha mguu wa kwanza, sikuona pa kuuweka. Nikabaki pale nimekumbatia jiwe, machozi yananitoka, siwezi kushuka wala kurudi.

Kisha mkono ukanishika kisigino. Alikuwa yule mama wa kuni, naye anarudi kwake, yuko chini yangu. Akauvuta mguu wangu taratibu na kuuweka kwenye jiwe.

"Pole," akasema.

Jibu lilikuwa mdomoni, lile ambalo watu wote hujibu, nikashindwa kulitoa.

"Sijapoa," nikamwambia.

"Najua. Leta na huo mwingine."