Msiba wa Nguzo ya Simu

Jovita alikuwa na ulimi ambao mumewe, enzi za uhai wake, alisema ungeweza kumenya ndizi bila kisu. Mume huyo alikwenda vitani Uganda na mgambo mwaka sabini na tisa, akarudi Kamachumu bila hata mkwaruzo, akachinjiwa mbuzi. Miaka saba baadaye akafa kitandani kwa ule ugonjwa ambao watu wakati huo, kabla ya kuuita UKIMWI, waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo. Jovita akamzika, akazika na watoto wawili, kisha, kwa kuwa hakubakiwa na wa kumpikia, akakubali parokia ilipomwomba awatunze wazee.

Wazee wenyewe walikuwa sita, wote wamewazika waliopaswa kuwazika. Waliishi katika nyumba ndefu ya mabati, zamani ghala la kahawa. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, gari la hospitali lilikuja kuwapeleka kliniki, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Katikati ya njia ya kuingilia uani ilisimama nguzo ya simu. Kushoto kwake palikuwa na mtaro, kulia kaburi la saruji, na gari halipandi kaburi. Basi dereva, Mihayo, aliegesha barabarani, chini ya mteremko, akapiga honi na kusubiri robo saa. Mvua ikinyesha, mteremko ule ulikuwa sabuni tupu. Ma Eufrazia, mwenye miaka themanini na ushee, hakuwa amelifikia gari tangu Pasaka. Nesi alimletea vidonge, lakini alisema wazi kwamba miguu ile iliyovimba isipoonwa na daktari kabla ya Krismasi, bibi hatauona mwaka mpya.

Na nguzo yenyewe haikubeba kitu. Ilisimikwa haraka haraka wakati wa vita ili wakubwa wapigiane simu. Vita vilipokwisha waya ukakunjwa ukaenda zake, na nguzo nyingine zikageuka kuni. Hii ilibaki, nadhani kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa imempata mtu wa kumsumbua.

Jovita akaenda Bukoba, ofisi ya simu, kuomba ihamishwe. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua ya kijiji. Mara ya pili barua ilikuwa nzuri sana, ila mhuri umekaa upande. Mara ya tatu karani mwenye tai alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akatikisa kichwa.

“Mama, laini hiyo yote ilikufa wakati wa vita. Imeandikwa hapa.”

“Nguzo ipo, mwanangu. Imesimama mlangoni kwangu.”

“Kwetu imekufa. Hatuwezi kuhamisha nguzo iliyokufa.”

“Una uhakika imekufa?”

“Mama, ina sahihi ya mkubwa.”

Jovita alimshukuru hata karani akashangaa. Akaomba aandikiwe maneno hayo kwenye karatasi, akaandikiwa, na safari hii mhuri ulikaa sawasawa.

Sasa, kijiji kile tukielewe. Kumbeba mzee aliye hai mpaka barabarani ilikuwa kazi isiyo na mwenyewe. Jovita alishaomba mpaka akachoka: huyu alikuwa na kahawa ya kuanika, yule kiuno, mwingine rubisi yake, pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva. Lakini msiba! Kabla machozi hayajafika kidevuni, wanaume thelathini walikuwa uani na majembe. Asiyefika alitengwa, na siku yakimfika angechimba peke yake. Mwaka ule wa tisini na mbili mikono ilikuwa imezoea mno. Chama cha maziko cha Ta Mwijage, mzee aliyepiga ngoma ya msiba, kilimaliza kaburi kabla chungu cha ndizi hakijaiva. Nasema hivyo kwa uchungu, si kwa sifa.

Jumatatu asubuhi Jovita akajifunga kanga ya msiba, akaenda kwa Ta Mwijage.

“Ta Mwijage, tuna maiti kwenye nyumba ya wazee.”

“Pole, waitu, mwenzetu! Ni Ma Eufrazia?”

“Si yeye. Ni mwingine, aliyewatangulia wote kufika pale. Mrefu, mwembamba. Shimo liwe jembamba lakini liende chini.”

“Kafa lini?”

“Kitambo. Taarifa ndiyo imechelewa kutoka Bukoba.”

Hilo halikumshangaza Ta Mwijage. Akapiga ngoma.

Walifika wameinamisha vichwa. Jovita akawaonyesha mahali, kando ya ukuta wa ghala, hatua kumi kutoka njiani, nao wakachimba. Walipomaliza, Ta Mwijage akavua kofia na kuuliza marehemu yuko wapi. Jovita akaielekeza nguzo kidole, akasoma barua kwa sauti, mpaka kwenye mhuri.

Mmoja alicheka. Ta Mwijage hakucheka.

“Jovita, umetupigisha ngoma kwa ajili ya mti?”

“Sikuuua mimi, serikali imeandika. Na tangu lini Wahaya tukaacha maiti imesimama njiani?”

Ta Mwijage aliisoma barua mara mbili. Angeweza kugombana na Jovita, lakini si na shimo: kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, litamwita mtu, na yaliyokwisha kuita pale kijijini yalikuwa mengi. Wakaing'oa nguzo, wakafukia tundu lake, wakaibeba mabegani, na kwa mazoea tu mmoja akaanzisha wimbo wa maziko. Hakuna aliyemnyamazisha. Wakaizika ikiwa imesimama, shina tu ardhini, ili wakubwa wakibadili mawazo waikute.

Kesho yake Mihayo alisimamisha gari barabarani kama kawaida, akatazama, akapanda nalo mpaka barazani. Wanaume wa jana walikuwa wamejipanga ukutani, wakingoja kusifiwa. Wazee watano wakapanda. Wa mwisho alikuwa Ma Eufrazia, ameshikwa mkono na Jovita. Hatua nne, akawa amekaa mbele. Jovita alilia, na hakuficha.

Ma Eufrazia alichungulia dirishani, akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, bila haraka.

“Jovita, hawa wote wametoka wapi?”

“Ni wa hapa hapa, Ma.”

“Kumbe wapo,” alisema bibi. “Mimi nilidhani wamekwisha kufa wote.”